Somo Moja kwa Marika Yote: Shajara ya Mradi wa Elimu ya Kikristo Usharikani, 2024

Jumamosi, 6 Januari. Sikukuu ya Ufunuo (Epifania)

Jana jioni baraza la wazee wa kanisa lilipitisha mradi, na leo nimekabidhiwa kuuratibu. Naandika kumbukumbu hizi kwa ajili ya walimu wenzangu wa shule ya Jumapili na wa kipaimara (mafundisho ya vijana ya kuuthibitisha ubatizo wao), kwa viongozi wa jumuiya, na kwa sharika nyingine zenye shida kama yetu, ili anayetaka kujaribu aone tulikopita.

Sisi ni usharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Moshi Vijijini, katikati ya vihamba vya migomba na kahawa. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika mlima huu wa Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanzia Machame, kisha wakaenda Mamba na Old Moshi. Kwa hiyo hapa kuna familia zenye ubatizo wa vizazi vinne na zaidi. Hatuzungumzii watu wasiolijua kanisa, na ndiyo maana linaniuma ninaloliona: kijana anapata kipaimara, anavaa nyeupe, anapigwa picha na ukoo mzima, halafu haonekani tena. Wengine wamekwenda bweni, wengine wako Arusha na Dar es Salaam wanatafuta maisha, hao nawaelewa. Wapo ambao hawajaenda popote. Wanaendesha bodaboda hapa njia panda, Jumapili saa nne wamepaki chini ya mti, wanasikia kengele na tarumbeta, na hawaingii.

Nilichowaeleza wazee ni hiki: tunafundisha sana, ila kila rika tunalifundisha peke yake. Watoto hutolewa baada ya wimbo wa pili, wakaenda kwa mwalimu wao chini ya mparachichi. Kipaimara ni Jumamosi asubuhi kwa mwinjilisti. Vijana wana kwaya, akina mama wana umoja wao, jumuiya hukutana majumbani alfajiri kabla watu hawajatawanyika. Kila kundi lina somo lake na halijui jirani anasoma nini. Mtoto anamaliza miaka kumi ya mafundisho akiwa amewafahamu watu wawili tu wa kanisa, mwalimu wake na mchungaji. Mwalimu akiolewa mbali, mchungaji akihamishwa, mtoto amebaki na nani?

Tumekubaliana mambo matatu. Kila wiki usharika wote, kuanzia chekechea hadi wazee, usome fungu moja la Biblia. Kila mwanafunzi wa kipaimara apewe mlezi wa imani, mtu mzima asiye mzazi wake wala ndugu wa karibu. Na Jumapili moja ya kila mwezi watoto wasitolewe. Tusali pamoja mwanzo hadi mwisho, kisha tule pamoja. Fedha iliyopitishwa inatosha madaftari, chaki, kalamu za rangi na nauli za semina. Chakula hakimo kwenye bajeti, kwa makusudi: kila nyumba italeta ilicho nacho.

Jumapili, 7 Januari

Tumeanza na Luka 2:41–52, Yesu wa miaka 12 hekaluni. Mchungaji nami tulilichagua kwa sababu ndani yake wamo mtoto, wazazi, ndugu wa safarini na walimu wazee, wote katika habari moja. Wadogo wa miaka 3 hadi 6 waliigiza safari ya kutoka Yerusalemu wakilizunguka kanisa, na walipofika kona ya sakristia wakahesabiana na kukuta mmoja hayupo. Kelele za kumtafuta zilisikika hadi madhabahuni. Wa miaka 7 hadi 11 walichora. Wa kipaimara walipewa mstari wa 46 peke yake, wasome taratibu waseme Yesu alikuwa anafanya nini pale: ameketi, anasikiliza, anauliza maswali. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe hakuwa anawafundisha, alikuwa mwanafunzi."

Jumuiya zimechukua fungu hilohilo pamoja na maswali matatu tutakayoyatumia mwaka mzima: nini kilitokea, kinanihusu nini, nitafanya nini wiki hii. Mtoto wa miaka 5 anaweza kuyajibu, na mzee wa miaka 80 hayamalizi.

Alhamisi, 18 Januari

Maandalizi ya walimu yamepata siku yake: Alhamisi saa kumi jioni, sakristiani. Wanakuja walimu wa marika yote, si wa watoto tu. Leo alikuwepo dada aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi, anayefundisha wadogo, ameketi benchi moja na mzee anayeongoza jumuiya ya bondeni tangu kabla dada huyo hajazaliwa. Mwinjilisti anasoma fungu, tunalijadili kama watu wazima kwanza, kila mtu aseme linamgusa wapi. Ni baada ya hapo ndipo tunaulizana: mtoto wa miaka 6 tutampa nini hapa? Mwalimu ambaye fungu halijamgusa huishia kuwafundisha watoto kunyamaza.

Tumeweka pia utaratibu wa usalama. Hakuna mtu mzima anayekaa na watoto peke yake. Kila darasa lina wawili, mlango wazi. Mlezi wa imani atakutana na mtoto nyumbani kwa mmoja wao penye watu, au kanisani, na mzazi ataarifiwa kabla. Mzee mmoja aliuliza kama hatuwashuku bure watu wa Mungu. Mchungaji akamjibu kwamba mtoto anayelindwa, na mzee anayelindwa dhidi ya maneno ya watu, wote wawili wananufaika. Limepita.

Jumapili, 21 Januari

Baba mmoja, fundi seremala, alinisubiri nje baada ya ibada. "Shikamoo mwalimu. Mmenitia kwenye mtihani." Binti yake wa darasa la nne alirudi nyumbani na somo la hekaluni, akamuuliza mezani: kwa nini Yesu hakuwaaga wazazi wake kwamba anabaki? Baba akasema atamjibu kesho. Kesho yake akaulizwa tena. "Mimi nina kipaimara tangu mwaka 1996," akaniambia, "na sina la kumjibu mtoto."

Nilimwambia ukweli, kwamba hata Mariamu aliuliza swali hilohilo, mstari wa 48, na jibu alilopewa hawakulielewa, mstari wa 50. Imeandikwa waziwazi. Akasoma mwenyewe palepale kwenye Biblia yangu, akarudia kusoma, akasema, "Basi leo nitasoma naye, tusielewe pamoja."

Nimeandika neno lake kwenye daftari la mradi. Darasa la watu wazima ambalo tumejaribu kulianzisha kwa matangazo mwaka baada ya mwaka limepata mwanafunzi wake wa kwanza kwa sababu ya swali la mtoto mezani. Wazazi wengine wanne wameomba wakutane naye baada ya ibada. Tumewapa chumba cha ofisi.

Jumamosi, 10 Februari

Semina ya walezi wa imani. Akina mama wamejitokeza wengi, wanaume wachache. Tulianza na Kumbukumbu la Torati 6:7, "nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Hapo hakutajwa darasa wala ubao. Yametajwa nyumba, njia, kulala na kuamka. Tukasoma pia 2 Timotheo 1:5, imani iliyokaa kwanza katika bibi Loisi, kisha katika mama Eunike, ikamfikia Timotheo.

Kisha nikawaeleza jambo la mlima wetu wenyewe. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi miaka mingi Old Moshi, aliona kwamba Mchaga anashikwa na vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Badala ya kuvikata ili apate Mkristo mmoja mmoja, alitaka usharika ujengwe juu yake. Wanafunzi wa kipaimara aliwapanga katika vikundi vya rika, na ndani yake wakishikamana wawili wawili kwa mfano wa wenzi wa ngao wa zamani, kila mmoja akiwajibika kwa mwenzake. Si kila Mchaga alimpenda kwa hilo. Wapo wasomi wa wakati ule walioona anawarudisha nyuma, na sidhani walikosea kila kitu, maana mila nyingine zilikuwa mzigo, hasa kwa wanawake. Lakini kwamba imani hubebwa na watu waliofungamana, hapo aliona sawasawa.

Na liko la pili, kubwa zaidi kwangu. Mwaka 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Makanisa ya mlimani hayakufungwa. Walimu na wainjilisti wenyeji walifundisha, walisimamia ibada na waliwatembelea wagonjwa. Mama mmoja akanyoosha mkono, akasema babu yake alikuwa mmoja wa walimu hao. Ukumbi ukamgeukia. Tulimpa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu, na ratiba ilifanya vema kumpisha.

Jumamosi, 2 Machi. Kwaresma

Leo nimefuatana na mvulana wa kipaimara kwa mlezi wake, bibi wa miaka themanini na kitu, nyumba ya tatu kutoka mfereji. Bibi huyu hasomi. Wapo waliosema hafai kuwa mlezi kwa sababu hiyo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja na daftari?"

"Ndiyo."

"Liweke pale. Nitakuuliza kwanza, utaandika baadaye."

Akamuuliza amri ya nne, ile ya kuwaheshimu baba na mama. Kijana akaitaja haraka kama walivyoizoea darasani. Bibi akamwambia aseme tena, polepole, akitaja na maana yake kama ilivyo katika Katekisimu Ndogo. Kijana akakwama katikati. Bibi akaimalizia yote bila kusita, huku mikono yake ikimenya ndizi za mtori na ganda likianguka kwenye ungo upande mmoja tu. Katekisimu hiyo Martin Luther aliitoa mwaka 1529 ili baba na mama waweze kuwafundisha watu wa nyumbani mwao. Nilikuwa nimelifundisha hilo kwa miaka, ila leo nililiona likifanyika jikoni.

Kisha bibi akamweleza kijana jinsi alivyomuuguza mama mkwe wake miaka saba, na jinsi amri ile ilivyokuwa nzito siku nyingine. Hakuipamba. Kijana aliuliza, "Bibi, ulikasirika?" "Nilikasirika sana. Nikaomba. Kesho nikaamka nikamwogesha tena." Ndipo akamruhusu aandike.

Njiani kijana aliniuliza kama anaweza kwenda tena kabla ya mwezi kuisha. Suala la kusoma na kutosoma nimelifunga.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Ibada ya alfajiri imejaa. Somo moja limetusaidia kuliko nilivyotarajia: wiki nzima marika yote yalikuwa kwenye Marko 16, na watoto walipouliza "nani atatuvingirishia lile jiwe?" kanisa zima lilijua wanasema nini. Baada ya ibada, chai na mihogo uwanjani.

Jumamosi, 20 Aprili

Masika yametubana. Njia ya juu, upande wa msitu, ni utelezi mtupu, na watoto wa huko hawafiki. Tumeihamishia shule ya Jumapili kwenye nyumba za jumuiya hadi mvua zipungue, walimu wawili kila nyumba, watu wazima wakiwa chumba hichohicho. Mzigo umeongezeka kwa walimu, na mahudhurio ya kanisani yameonekana kushuka. Mtunza hazina ameshaniuliza. Lakini ripoti za jumuiya ya juu zinasema akina baba wanaokaa sebuleni kwa sababu ya mvua sasa wanasikia somo la watoto wao lote. Tutaendelea hivi huko juu hata mvua zikikatika, angalau mara moja kwa mwezi.

Jumapili, 19 Mei. Pentekoste

Ibada za pamoja zimekuwa na malalamiko, na leo ndiyo siku ya kuyaandika vizuri. Wazee kadhaa walilifikisha barazani kwamba watoto wanapiga kelele, kwamba mahubiri hayasikiki, kwamba zamani kanisani palikuwa na utulivu. Wengine masikio yao hayasikii vizuri, kwa hiyo mtoto mmoja akilia nyuma wao wamekosa sentensi nzima. Hilo ni dai la haki, si ukorofi.

Mchungaji amebadilisha mambo mawili. Mabenchi ya mbele kulia sasa ni ya wenye shida ya kusikia, na spika moja imeelekezwa kwao. Na katika ibada ya pamoja mahubiri yanagawanywa vipande viwili vya dakika kumi kumi, katikati pana wimbo na swali moja ambalo kila mtu anamgeukia jirani wa rika lingine na kulijibu.

Fungu la leo lilikuwa Matendo 2. Swali la katikati lilitoka mstari wa 17: "wana wenu na binti zenu watatabiri, na vijana wenu wataona maono, na wazee wenu wataota ndoto." Mchungaji akasema, watoto waulizeni wazee, mlipokuwa na umri wetu mliota kanisa hili litakuwaje? Kelele iliyofuata ilikuwa ya wazee. Hawakutaka kunyamaza. Mwinjilisti alipiga kengele mara mbili ndipo wakarudi kwenye utaratibu. Mzee aliyelalamika zaidi ya wote barazani alikuwa na watoto watatu mbele yake, akiwaonyesha kwa fimbo mahali kanisa la kwanza la miti na majani lilipokuwa.

Jumapili, 14 Julai. Sadaka ya mavuno

Baada ya ibada tunanadi sadaka za mazao, kama sharika zote za huku: mikungu ya ndizi, kuku, kabichi, maharage, madebe ya mahindi. Mnada ni mahali ambapo watu wasioingia kanisani wanasimama nasi, na hili tulikuwa hatujalitumia. Mwaka huu watoto wamepewa meza yao, na mnadishaji wao ni mwanafunzi wa kipaimara akisaidiwa na mlezi wake.

Mtoto wa darasa la wadogo alileta parachichi moja. Mnadishaji akalinyanyua, akaanza na shilingi mia mbili. Mia tano ikasikika upande wa akina mama, elfu moja upande wa kwaya. Kisha sauti kutoka barabarani: elfu tatu. Alikuwa kijana wa bodaboda, bado ameketi kwenye pikipiki, kofia ya usalama mkononi. Akashuka, akalipa, akalirudisha parachichi mezani. "Linadiwe tena." Lilinadiwa tena na tena. Yule mtoto alikuwa amesimama juu ya benchi ili aone.

Kijana huyo alipata kipaimara hapa. Niliposalimiana naye alinitaja "mwalimu" kabla sijamkumbuka jina. Nilimuuliza kama bado anapiga tarumbeta; alikuwa mzuri. Akasema chombo alirudisha alipoanza kazi. Kiongozi wa tarumbeta alikuwa karibu, akasikia, akamwambia mazoezi ni Jumanne usiku baada ya saa za abiria, chombo kipo. Hatukumhubiria.

Jumanne, 20 Agosti

Amekuja mazoezini, na ameleta mwenzake mmoja. Kiongozi wa tarumbeta anasema midomo imelegea lakini vidole vinakumbuka. Tumekubaliana kundi la Jumanne nalo lisome fungu la wiki kabla ya kupiga, dakika kumi na tano, maswali matatu yaleyale.

Ratiba ya kipaimara tumeilegeza hadi katikati ya Septemba, kwa sababu wengi wako darasa la saba na mtihani wa taifa unakaribia. Walezi wameombwa wasiwaite nyumbani wiki hizi, wawaombee na wawapelekee uji.

Jumapili, 29 Septemba. Mikaeli na Watoto

Mwaka huu sikukuu ya Mikaeli na malaika wote, tarehe 29, imeangukia Jumapili yenyewe. Kwetu Walutheri wa Tanzania siku hii ni ya watoto: wao ndio wanaoongoza liturujia, wanasoma masomo, wanaimba, wanapokea sadaka. Injili ni Mathayo 18, Yesu akimweka mtoto katikati ya wanafunzi wake.

Miaka iliyopita maandalizi yalikuwa kukariri. Kila mtoto alipewa mstari, akasimama, akausema, akapigiwa makofi, akaketi. Safari hii tulibakiza kukariri, maana kunawafaa. Bibi asiyesoma amenithibitishia hilo. Lakini kila kundi la watoto lilifanya mazoezi na jumuiya moja, kwa wiki nne, kwenye nyumba za watu. Kwa hiyo mtoto aliposimama mbele, waliokuwa wakisogeza midomo pamoja naye hawakuwa wazazi wake tu. Mvulana mdogo alipofika "Angalieni msidharau mmojawapo wa wadogo hawa" akasahau. Mstari ukatoka benchi la nne, kwa sauti ya mzee mwenye mkongojo, kisha benchi la tano, na mtoto akaudaka akaumaliza mwenyewe.

Katika sala ya kanisa zima mtoto mmoja aliwaombea "wale wanaotusubiri nje na pikipiki." Wawili wao walikuwa ndani, kwenye tarumbeta.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kikao kigumu na wazazi wa kipaimara kuhusu sherehe. Kila mwaka familia zinakopa ili kukodi maturubai, muziki, keki na sare za ukoo. Wapo wazazi waliowahi kumzuia mtoto asipate kipaimara mwaka wake kwa sababu hawajapata fedha ya sherehe, na hilo kwangu ni jambo la kuhuzunisha kabisa, kwa kuwa mtoto amesoma miaka miwili kuhusu neema isiyolipiwa. Nilipendekeza siku hiyo usharika wote upike pamoja, chakula kimoja kwa wote, kisha mwenye uwezo afanye ya kwake siku nyingine. Baadhi wamekubali kwa furaha. Wengine wanasema ndugu watoke Dar es Salaam waje kula mtori kanisani? Tumeacha kila nyumba iamue, ila chakula cha pamoja kitakuwepo kwa yeyote.

Jumapili, 8 Desemba. Majilio ya pili

Kipaimara. Walezi walisimama nyuma ya watoto wao wakati wa kuwekewa mikono, kila mmoja mkono begani. Bibi wa nyumba ya tatu kutoka mfereji aliletwa kwa bodaboda. Dereva hakuchukua nauli.

Kwenye chakula cha pamoja zilibaki familia zaidi ya nusu. Masufuria ya pilau, mtori na makande yaliisha. Waliokwenda kwenye sherehe zao walikwenda kwa amani, na baadhi wakarudi jioni kusaidia kuosha vyombo.

Alhamisi, 26 Desemba

Kila Desemba watu wa mlimani hurudi nyumbani, magari ya namba za Dar es Salaam yanajaa kwenye njia zetu, na kanisa linafurika kwa wiki mbili. Kwa miaka yote tumewachukulia kama wageni wa kuwaomba mchango wa paa. Leo tuliwaita kwa mwaka wa kipaimara. Tuliandaa vibao vya mbao vyenye miaka, tukavisimika uwanjani, tukasema kila mtu akae kwenye mwaka wake.

Waliopata kipaimara miaka ya 1970 walikuwa na viti vivulini. Wa 2010 kuja huku walijaa kwenye nyasi, wengi wakikutana kwa mara ya kwanza tangu walipovuliwa zile nguo nyeupe. Tulisoma Zaburi 78:1–7, mababa wawajulishe wana wao, na wana hao wawasimulie wana wao. Maswali matatu. Kwenye swali la tatu, "nitafanya nini wiki hii," kibao cha 2012 kilikaa muda mrefu, kisha msemaji wao akasema watasoma fungu la wiki pamoja na usharika kwa simu, kila Alhamisi usiku, popote walipo, na mmoja wao atakuwa zamu ya kuongoza. Kibao cha 2015 kikaomba nacho. Seremala wangu wa 1996 alisimama akaeleza habari ya swali la mezani. Binti yake alikuwa amekaa na shule ya Jumapili, akapunga mkono.

Jumamosi, 28 Desemba

Baraza limekutana kuupima mwaka. Mradi unaendelea. Maamuzi: Alhamisi ya walimu haiguswi na kikao kingine chochote, darasa la wazazi linahamia ukumbini kwa kuwa ofisi haitoshi, fungu la wiki litatumwa kwa simu na mwinjilisti kila Jumatatu kwa walio mbali, chakula cha pamoja cha kipaimara kinakuwa cha kudumu. Ibada ya pamoja ibaki mara moja kwa mwezi, ingawa mimi niliomba mara mbili. Wazee wanataka kwanza spika ya pili, nami naona wana haki.

Upungufu mkubwa ni walezi wanaume. Wavulana wa darasa jipya ni wengi kuliko wazee waliojiandikisha. Wapiga tarumbeta wawili wa bodaboda wamejitolea. Wanahitaji kupita semina kwanza, tarehe 18 Januari, na utaratibu wa usalama utawahusu kama unavyomhusu kila mtu. Majina yote ya walezi yatasomwa kwenye matangazo Jumapili ya tarehe 26.